Mlango wa Kijani Hauko Colmar

Bordesley Green, Jumamosi mchana, Septemba 2018

Nafula wangu,

Umetoka kwenda mjini na wenzako kutafuta plagi ya umeme ya Ufaransa, na umesema utarudi kwa chai. Nina kama saa tatu. Nguo zako zinakauka kwenye reli ya ngazi, sanduku limeachama kitandani, nami nimekaa jikoni na lile daftari ulilolikataa kwa sababu jalada lake lina picha ya paka.

Mambo ya sweta, dawa na kunipigia ukifika hutayapata humu. Nimeyasema wiki nzima, mpaka juzi ukaniambia, "Mum, please, ushasema hiyo mara kumi." Nilikuwa nimehesabu, zilikuwa nne. Humu kuna jambo ambalo sijalisema hata mara moja kwa miaka kumi na miwili. Najua kusoma Kiswahili kunakupa taabu. Ukikisikia unakielewa vizuri, ila kwenye karatasi unakikodolea macho. Basi isome barua hii kwa sauti, polepole, hata kama jirani yako kwenye treni atakutazama. Nitakupa mkononi kesho asubuhi pale stesheni ya New Street. Nilifikiria kuichomeka kati ya nguo zako, nikaona huko kungekuwa kuendelea kuficha.

Jumatano ulikuwa umelala kwenye kochi, miguu ukutani, ukaniuliza, "Mum, ile street ya Colmar uliyokaa inaitwaje? Nataka first weekend niende nipige picha ya ule mlango wa kijani nikutumie." Nikakujibu nimesahau, ni zamani. Kisha nikaenda kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Nafula, sikusahau. Sijawahi kufika Colmar. Sijafika Strasbourg wala sijauona mto Rhine. Sikukaa kwenye jimbo hilo la Alsace mwaka mzima kabla hujazaliwa, na sikumfanyia kazi fundi wa mapipa. Tangu nitue Birmingham, mbali kabisa nilikofika ni Cardiff, kwa semina ya kina mama wa kanisa, na mvua ilinyesha siku zote mbili.

Pumzika hapo kama unataka. Mimi pia nimesimama nikanywa maji.

Ulipokuwa mdogo nilikuwa nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee kule Sutton Coldfield. Basi mpaka mjini, halafu treni ya Cross City, halafu kutembea kando ya bustani ambazo moja peke yake ingelisha ukoo wetu mahindi. Mle ndani kulikuwa na mama mmoja aliyeitwa Odile. Wenzangu walimwita Odile, hivyo hivyo, kama mtoto wa darasa la pili. Mimi ulimi ulikataa. Nikamwita Mama Odile, naye akapenda. Alizaliwa Colmar, akaletwa Birmingham na mume Mwingereza baada ya vita, akaishi hapa karibu miaka sitini. Kumbukumbu zilipoanza kumtoka, miaka yote ya Birmingham ilifutika, ikabaki ile ishirini ya kwanza.

Kazi yetu ina desturi yake. Mtu aliyepoteza kumbukumbu humbishii. Akikuuliza mumewe amechelewa wapi, na mumewe amezikwa zamani, ukimwambia ukweli atalia kilio cha siku ya kwanza, na baada ya chai atauliza tena. Kwa hiyo unakwenda naye. Akisema ni majira ya kuvuna zabibu, basi ni majira ya kuvuna zabibu. Nilifundishwa hivyo, na kazi hiyo niliiweza. Nilipewa pia jukumu la kumtengenezea kitabu cha maisha yake, chenye picha, majina ya ndugu na vyakula alivyopenda, ili yeyote anayeingia zamu ajue cha kuzungumza naye.

Mama Odile aliniona kuwa ni msichana waliyekaa dawati moja shuleni. Rangi yangu haikumsumbua hata kidogo, nami sikuona haja ya kumkumbusha. Kila asubuhi nikimvalisha soksi aliuliza, "Unakumbuka?" Nami nikajibu, "Ndiyo, nakumbuka." Neno hilo nililivaa pamoja na sare.

Basi tukaondoka, yeye kwenye kiti, mimi nimepiga magoti na soksi mkononi. Aliniambia nifumbe macho, niuweke mto Rhine mkono wa kulia na milima ya Vosges mkono wa kushoto, na katikati niweke tambarare ndefu, nyembamba. Mawingu yanayotoka magharibi humwaga mvua yao milimani, yakifika Colmar yamebaki matupu, ndiyo maana mizabibu inaipenda miteremko ile. Juu ya vilima kuna ngome za zamani, nyingine zimebaki kuta tu. Mawe ya huko yana rangi ya waridi, na kanisa kuu la Strasbourg limejengwa kwa mawe hayo hayo, hivyo jua likishuka linaonekana limeona haya. Lina mnara mmoja. Wa pili haukujengwa mpaka leo. Mama Odile alisema watu wa kwao wameshazoea kuishi na kitu ambacho hakijaisha.

Ndani ya kanisa hilo kuna saa kubwa kuliko nyumba yetu. Saa sita na nusu mchana sanamu za mitume hupita mmoja mmoja mbele ya Yesu, na jogoo juu yao hupiga mbawa na kuwika. Kule Sutton Coldfield, saa ya ukutani ya chumba cha kulia ilipofika sita na nusu, Mama Odile aliinua kidole, tukanyamaza wote wawili, tukamsikiliza jogoo. Wali ulipoa. Siku moja nilimsikia, Nafula. Sijui ulikuwa uchovu wa zamu au nini, lakini nilimsikia.

Aliniambia habari ya mlima wa yule mtakatifu ambaye yeye alipewa jina lake, binti aliyezaliwa kipofu akafumbuka macho siku ya ubatizo wake. Juu kuna nyumba ya watawa, na chini kidogo kuna chemchemi ambayo watu huoshea macho. Nikimpangusa uso kwa kitambaa aliuliza kama maji yametoka kule, nami nikasema yametoka kule, kumbe yametoka kwenye bomba lililokuwa likivuja tangu Pasaka.

Baba yake, fundi wa mapipa ya divai, alizaliwa Mjerumani. Yeye alizaliwa Mfaransa, katika chumba kile kile. Akiwa msichana vita vikaja, wakageuzwa Wajerumani tena, na vilipoisha wakarudi kuwa Wafaransa. Hawakuhama hata hatua moja, mpaka ndio uliokuwa ukihama. Asubuhi moja aliingia darasani akakuta mwalimu mgeni, Kifaransa kimekatazwa na jina lake limegeuzwa Ottilie. Aliponisimulia hilo nilimweleza habari ya kibao. Shuleni kwetu Kitale, ukisikika ukizungumza lugha ya nyumbani, ulivishwa kibao shingoni, ukashinda nacho mpaka umnase mwenzako umvishe. Alinishika mkono akasema, "Najua. Nilikuwepo." Kwa hesabu yake alikuwepo kweli, tulikaa dawati moja.

Sasa siku yenyewe. Ulikuwa na miaka minane, likizo fupi ya vuli imeisha. Mwalimu aliwasimamisha mmoja mmoja mseme mlikokwenda. Mmoja Tenerife, mmoja Pakistan kwa babu yake, yule Ayaan wa ghorofa ya juu Nairobi kwa shangazi zake. Wewe ulisema ulikwenda supamaketi. Ulinisimulia huku umeegemea friji, na mimi nawasha jiko, nimetoka zamu ya saa kumi na mbili na miguu imevimba.

"Mum, wewe umewahi kwenda anywhere? Like, anywhere nice?"

Uliuliza kwa sauti niliyoizoea, ya mtu anayetaka kuambiwa ndiyo. Nikasema ndiyo.

"Wapi?"

"Colmar."

"Do you remember it?"

"Nakumbuka."

Ndivyo ilivyotoka. Ningeweza kuifuta kesho yake, lakini kesho yake ulirudi na picha uliyoichora. Mimi niko mbele ya nyumba yenye korongo juu ya paa, nimevaa gauni la njano ambalo sijawahi kuwa nalo, na mwalimu ameweka nyota. Nikaibandika kwenye friji, ikakaa hapo mpaka karatasi ikapauka.

Baada ya hapo ulitaka kila kitu. Tulipotembea kando ya mfereji pale mjini nilikuambia kule maji hupita hivi hivi katikati ya mji, ila nyumba zina rangi za bluu na za manjano na zimeinama kuyatazama, na zamani wauza mboga walipita na mashua bapa. Hukuiona ile mifereji yetu yenye makopo tena, uliiona ile. Desemba ulinivuta kwenye soko la Krismasi la Wajerumani ukamwambia muuza soseji, "My mum used to live there, you know." Yule kijana akaniuliza wapi hasa, nami nikanunua soseji tatu ili anyamaze.

Mwaka jana ulinionyesha barua ya kuombea nafasi yako ya kwenda kusoma Strasbourg. Sentensi ya kwanza ilisema mama yako aliishi Alsace kabla hujazaliwa. Niliisoma mara tatu. Ule uwongo wa kwanza ulinitoka mdomoni nikiwa nimechoka, na nimeshajisamehe kidogo. Huu wa pili niliufanya nimekaa, nimekula, nimevaa miwani. Nilikuambia, "Nzuri sana. Weka koma hapo."

Sikuogopa kwamba utanikasirikia. Niliogopa kwamba hutakwenda. Ulijifunza Kifaransa kwa ajili ya nyumba ile, ukachagua historia kwa ajili ya mpaka ule, nami nikaona nikiuvuta uzi huo mmoja sweta lote litafumuka. Siku hizi kila mtu hapa anabishana jinsi ya kutoka Ulaya, na wewe ndio kwanza unaingia, na unaingia kwa sababu ya neno langu. Sina haki ya kukuacha uingie bila kujua.

Utauliza kwa nini sikukusimulia kwetu. Nami nimejiuliza.

Karatasi zangu zilikwama miaka mingi. Pasipoti yangu ilikuwa kwa watu wa uhamiaji, na kila barua ilisema nisubiri. Katika kusubiri huko mamangu akafa, wewe una miaka sita. Sikwenda kumzika. Mjomba wako aliishikilia simu karibu na kaburi ili nisikie, na mimi nimeketi sakafuni hapa hapa jikoni, na kadi ya simu ikaisha katikati ya wimbo. Ulikuja ukaniuliza kwa nini nimekaa chini. Nikasema nimeangusha kitu.

Tangu siku hiyo sikuweza kuitaja Kitale mbele yako. Uliponiuliza kwa nyanya kulikuwaje nilisema kulikuwa na mahindi, basi. Nikakupa utoto wa Mama Odile kwa sababu ule haukuniuma. Hilo ndilo ninalojutia kuliko yote, zaidi hata ya uwongo wenyewe. Umekua ukijua jina la kila mnara wa watu, na mtu aliyekupa jina lako humjui. Nyanya yako ndiye aliyesema kwenye simu uitwe Nafula, mtoto wa mvua, kwa kuwa nilimwambia ulizaliwa siku ya mvua. Sikumweleza kwamba hapa kila siku ni ya mvua, na kwa hesabu hiyo nusu ya mji huu ni kina Nafula.

Tangu Jumatano nimekuwa nikikipitia kile kitabu cha maisha. Mama Odile alipofariki, mpwa wake alinipa kitabu hicho, pamoja na kile chombo cha udongo cha kuokea keki yenye tundu katikati, ambacho wewe unajua nilikinunua Colmar. Nilitaka kukutafutia jina la mtaa, angalau hilo liwe la kweli. Nimelipata, nimekuandikia nyuma ya karatasi hii. Ni mtaa wa zamani wa watengeneza ngozi, karibu na maji. Nyumba yao ilikuwa ya nguzo za mbao zilizopitana, na katikati ya mbao fito zilizosukwa zikakandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu. Aliponieleza hivyo mara ya kwanza nilimwambia, "Mama Odile, hiyo ni nyumba ya mamangu," akacheka. Naye alisema mlango wao ulikuwa wa kahawia. Nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe. Kahawia, wenye kitasa cha chuma.

Nikakaa hapo nikifikiri, sasa ule wa kijani ulitoka wapi? Nikaanza kuyapitia yote niliyokusimulia kitandani miaka ile. Yule kuku aliyetaga chini ya kitanda, Mama Odile hakuwa na kuku. Ule ua uliofagiwa alfajiri mpaka mistari ya ufagio ikaonekana, na mtu hathubutu kuukanyaga. Yule mwanamke aliyeimba akipepeta, akinyamaza ujue amekasirika. Dirisha la jikoni lenye moshi, ambalo ulilipenda ukataka nilirudie kila siku. Mamangu alikuwa mpishi wa shule ya msingi, na walipopaka madarasa rangi walimpa iliyobaki. Ilikuwa kijani. Ilitosha mlango mmoja, na upande wa ndani haikufika chini.

Kwa hiyo usiutafute mlango wa kijani Colmar. Uko Kitale. Nilidhani nakupeleka Alsace, na nusu ya njia nilikuwa nakupeleka kwa nyanya yako bila mwenyewe kujua. Nimelia leo, lakini kilio kizuri, cha mtu aliyeokota kitu chake kwenye mfuko wa koti la zamani.

Nataka ujue pia kwamba mji wenyewe ni wa kweli. Nimehakikisha kila kitu kwenye simu, usiku na mchana, kama askari. Saa ipo na jogoo anawika. Mnara ni mmoja. Chemchemi ipo. Korongo wapo, na hapo nimepata aibu nyingine ndogo. Nilimwambia Mama Odile kwamba korongo wao wakihama mwisho wa kiangazi huja kwetu, maana nikiwa mtoto tuliwaona wakilifuata trekta shambani wakidonoa panzi. Kumbe wa Alsace huelekea Afrika ya magharibi, na wale wa kwetu hutoka upande mwingine wa Ulaya. Hata korongo nilijipa wasio wangu. Cha uwongo katika hadithi zile ni mimi kuwemo, basi.

Sikuombi usikasirike. Kasirika unavyotaka, una treni tatu na siku nzima. Ukiamua kushuka London na kurudi, nitakuja kukupokea na sitasema neno. Ninachotaka kukuambia nimekijua kwa kuchelewa. Pale kazini lile "ndiyo" langu lilikuwa huruma, kwa sababu Mama Odile hakuwa na kesho ambayo angekwenda kuuangalia mlango. Wewe ulikuwa nayo. Nilikujibu kama mtu anayeaga, na wewe ulikuwa unaanza.

Nimekufungia kile chombo cha udongo ndani ya taulo, katikati ya sanduku. Nenda nacho mpaka kwenye mtaa ule, kisimame hata dakika moja mbele ya nyumba yoyote iliyoinama. Ni cha huko na hakijawahi kurudi tangu msichana yule aondoke. Kisha kitumie, uoke, ule. Na ukija kuutaka ule mlango wa kijani, niambie tukate tiketi mbili. Pasipoti yangu sasa ipo, iko kwenye droo ya vijiko, haijapigwa hata muhuri mmoja. Mjomba wako anasema rangi imebanduka lakini mlango haujatolewa.

Nakusikia unaongea na Ayaan pale nje, kwa hiyo nafunga. Najua utanipigia, hata ukiwa na hasira, maana hasira zako hazijawahi kupita siku mbili. Utakuwa umesimama mahali fulani kando ya maji, utageuza simu nione, na kwa mazoea utaniuliza, "Mum, unakumbuka?"

Nami nitakujibu hapana, mwanangu. Sikumbuki, sijawahi kufika. Niambie wewe kulivyo.

Mamako